NAKALA ZA SAUTI: NI MALI YA MTU AU NI MALI YA WOTE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa zetu za Kitengela na za mji wa Kajiado limekuwa likirudi swali moja, mara kwa maneno haya na mara kwa maneno yale. Baadhi ya vijana wetu wana vibanda vya simu kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Mtu huja na simu yake au na flashi yake, akatoa shilingi zake, akajaziwa nyimbo, kaswida, mawaidha na filamu. Na vyote hivyo vimepakuliwa katika intaneti pasi na mwenyewe kuulizwa wala kulipwa. Madereva wa matatu hujaziwa za safari ya wiki nzima. Wako na wengine ambao huenda na simu zao arusini na katika hafla za kaswida, wakarekodi kwa siri, kisha wakauza nakala kabla waimbaji wenyewe hawajafika majumbani kwao.

Mmoja katika vijana hawa ametuuliza: "Je, riziki hii ninayomlishia mama yangu ni halali au ni haramu? Wenzangu hunambia kuwa sikuiba kitu, kwani wimbo uko pale pale ulipokuwa."

Swali hili ni la kheri, na mwenye kuuliza khabari ya tonge lake kabla ya kulimeza ni mtu ambaye moyo wake u hai. Nasi yatupasa tumjibu kwa dalili, si kwa ukali wala kwa kumpendeza. Tena jambo hili latuhusu sisi wa bara zaidi kuliko wenzetu wa pwani. Mtu wa Mombasa au wa Lamu akitaka darsa atakwenda msikitini akae mbele ya mwalimu wake. Ama Mwislamu wa Kitengela, ambaye ametoka kiwandani Athi River jua limekwisha kutua, au mwenzake wa Kajiado na Isinya, aghlabu mwalimu wake ni sauti iliyomo ndani ya simu. Basi hukumu ya sauti hiyo ni hukumu ya chombo kinachotuletea dini yetu, nasi hatuna udhuru wa kutoijua.

ASILI YA JAMBO LENYEWE

Kuiuza sauti si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo, na santuri zake zikauzwa katika mwambao wote. Zama zile hapakuwa na ugomvi wa nakala, kwa sababu santuri haikutengenezwa ila kwa mashine za kiwandani. Atakaye kuisikia aliinunua, au alikwenda kuisikiliza kwa jirani aliyeinunua.

Kisha zikaja kanda. Kuanzia miaka ya 1970 kanda zilienea Mombasa, Nairobi na kwingineko, na taarabu za arusini zikawa zarekodiwa na kuuzwa madukani. Lakini kanda ilileta jambo jipya: mtu yeyote mwenye redio ya mikanda miwili aliweza kuketi chumbani kwake akatoa nakala ya pili, na ya tatu, na ya mia. Biashara ya nakala hizo iliwadhuru sana watengenezaji wa muziki na waimbaji wa Kenya. Na leo hata kanda imeondoka. Nakala ya elfu haina tofauti na ya kwanza, na gharama ya kuitoa ni umeme mdogo na kitambo cha kungojea.

Serikali nayo haikunyamaza. Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka wa 1966, kisha ikatunga iliyo mpya mwaka wa 2001, ambayo chini yake iko Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa sheria hiyo haki ya mtunzi wa wimbo au wa maandishi hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake; ama haki ya sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50. Mwenye kunakili kwa ajili ya kuuza bila ya idhini aweza kutozwa faini au kufungwa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 40, kimetajwa humo kwamba dola itazilinda haki za namna hii. Sheria ikarekebishwa mwaka wa 2019 kwa sababu ya mambo ya intaneti. Na mwaka wa 2022 ikaamriwa kwamba katika mapato ya nyimbo anazozisikia mpiga simu angojeapo kujibiwa, mwenye wimbo asipate chini ya sehemu 52 katika 100.

Hayo ndiyo ya sheria ya nchi. Lakini Mwislamu haishii hapo. Huuliza pia: Mola wangu ameniamuru nini?

JE, SAUTI ILIYOREKODIWA NI MALI?

Hili ndilo shina la mas-ala, na matawi yote yatokana nalo. Vitabu vyetu vya zamani havikutaja simu wala flashi, lakini vimetaja misingi ambayo kwayo twaweza kupima.

Imamu Suyuti ameeleza katika Al-Ashbahu wan-Nadhair, akimnukulu Imamu Shafii, kwamba mali ni kitu chenye thamani ambacho watu hukiuza, na ambacho mwenye kukiharibu hulipishwa. Hakusharutisha kwamba kiwe ni kitu cha kushikika kwa mkono. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, na ya Kimaliki na ya Kihambali, manufaa nayo ni mali kama vile vitu vyenyewe. Ni wanavyuoni wa Kihanafi wa zamani tu waliosema kwamba manufaa hayawi mali ila kwa mkataba.

Dalili ya kauli ya wengi iko wazi. Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 27, mzee wa Madyan alimwoza Nabii Musa (A.S.) binti yake kwa mahari ya kumtumikia miaka minane au kumi. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad, aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimwoza mtu fakiri asiyekuwa hata na pete ya chuma, akajaalia mahari yake kuwa ni Kurani aliyoihifadhi. Basi lau kazi ya mtu na mafunzo yake si kitu chenye thamani, yangekuwaje mahari? Na mahari haiwi ila ni mali.

Kadhalika tazameni maana ya ghasbu. Imamu Nawawi, katika Al-Minhaj, alipoieleza ghasbu alisema ni kuitawala haki ya mtu mwingine kwa dhuluma. Alichagua neno "haki" wala hakuchagua neno "mali". Na wenye kukisherehi kitabu chake wakasema kwamba alifanya hivyo ili yaingie hata yale yasiyokuwa mali, kama mtu kumwondoa mwenzake mahali alipokaa msikitini au sokoni. Basi ikiwa kumwondoa mtu katika kikao chake ni ghasbu, na kikao hakiuziki, itakuwaje kumwondoa katika chumo lake aliloligharimia kwa pesa na kulikeshea usiku?

Katika zama zetu wanavyuoni walilikalia jambo hili wakalitazama. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa tano uliofanywa Kuwait mwezi wa Desemba 1988, sawa na mwaka wa 1409 wa Hijra, liliamua kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi ni haki za wenyewe, zimelindwa kisharia, wala haijuzu kuzishambulia. Haki yataka pia tutaje kwamba wako wanavyuoni waliokhitilafiana na kauli hii. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, aliyefariki mwaka wa 1976, hakuiona haki ya utunzi kuwa ni kitu cha kuuzwa. Lakini mwanawe, Mufti Taqi Usmani, ambaye ni mwanachuoni mkubwa wa fiqhi ya biashara, ameikubali. Sisi twaifuata kauli ya Baraza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na misingi ya madhehebu yetu, na ndiyo inayohifadhi haki za watu.

HOJA ZA WENYE KUHALALISHA

Twazitaja hapa hoja zao moja moja, maana mwenye kujibiwa hoja yake hukinai, na mwenye kukemewa tu hunyamaza akaenda zake akarudia.

Hoja ya kwanza: "Asili haikupungua." Husema kwamba mwenye kuiba mbuzi humwacha mwenyewe hana mbuzi, ama mwenye kunakili wimbo humwacha mwenyewe na wimbo wake. Twasema: mumesema kweli kwamba huu si wizi ule wenye hukumu ya kukatwa mkono, kwani wizi huo una masharti yake ya kiwango na ya mahali palipohifadhiwa kitu, na wala hatukudai hayo. Lakini si kila dhuluma ni wizi. Kitengela ni mji wa nyumba za kupanga. Mtu mwenye nyumba akisafiri Mombasa miezi mitatu, nawe ukaingia nyumbani mwake bila ya idhini ukakaa, ukafagia, ukatoka siku moja kabla ya yeye kurudi, nyumba yake haikupungua hata tofali moja. Lakini mafakihi wa Kishafii wote watakwambia kwamba wadaiwa kodi ya miezi mitatu, ujira wa mfano wake. Hukuchukua nyumba, ulichukua manufaa. Na mwenye kunakili wimbo, hali ndiyo hiyo hiyo.

Hoja ya pili: "Wenyewe ni matajiri, au ni makampuni ya Ulaya na Marekani, au si Waislamu." Twasema: mali ya tajiri haikuhalalishwa kwa utajiri wake. Na Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, ilhali Makureshi wamekwisha kupanga kumuua, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe amana za watu kwa wenyewe, nao walikuwa ni makafiri na maadui. Basi ikiwa adui aliyenoa upanga alirudishiwa amana yake, atadhulumiwaje mwimbaji asiyetujua wala kututenda ovu?

Tena si kweli kwamba wote ni matajiri. Huko Afrika ya Kusini alikuwako mtu akiitwa Solomon Linda. Mwaka wa 1939 alirekodi wimbo wa Mbube, na wimbo ule ukazunguka dunia nzima, wakaimba wengine na wakachuma wengine. Yeye alikufa maskini mwaka wa 1962, na warithi wake hawakupata mapatano ya haki ila mwaka wa 2006. Mwimbaji hujulikana na watu wote akalala na njaa, umaarufu hauliwi. Na wanaosema kwamba pesa zikilipwa hazimfikii msanii bali huishia kwa walio katikati, hao nao hawana hoja: mtu kudhulumiwa na wa kwanza si idhini kwa wa pili kumdhulumu.

Hoja ya tatu, nayo ndiyo ipendwayo na baadhi ya vijana wa dini: "Nyimbo ni haramu, na kitu cha haramu hakina thamani, basi kukichukua bure si dhambi." Twasema: khitilafu ya wanavyuoni katika ala za muziki yajulikana, na jamhuri ya madhehebu manne wamezikataza, na Ibn Hazm akazihalalisha, na Imamu Ghazali akapambanua katika Ihya. Mahali pa maneno hayo si hapa. Lakini hata kwa kauli ya mwenye kuharamisha, hoja hii haisimami. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba ala ya pumbao ikibatilishwa hapana malipo kwa ile sura yake ya haramu. Kisha wakasema kwamba haivunjwi kupita kiasi, bali hufumuliwa tu, na mwenye kuichoma moto, ilhali aliweza kuifumua, hulipa thamani ya mbao zake. Tazameni uadilifu wa sharia: hata katika gambusi ubao una heshima yake, kwa kuwa ni mali ya mtu.

Na la ajabu zaidi ni hili: aliyeruhusiwa kulifumua gambusi hakuruhusiwa kulichukua akalipige nyumbani kwake. Nyinyi mwasema wimbo ni haramu, na papo hapo mwausikiliza, na mwawauzia wengine! Ikiwa ni haramu, basi dhambi zimekuwa mbili, ya kusikiliza na ya kudhulumu. Dhambi moja haikuwa kafara ya nyingine.

Hoja ya nne: "Watu wote hufanya hivyo." Twasema: ada ya watu yafaa kuwa dalili ya ridhaa ya mwenye mali pale ambapo mwenyewe ajua na kunyamaza kwa kuridhika, kama tende zilizoanguka njiani mahali ambapo desturi ni kuziokota. Ama mwenye kupiga kelele kila siku kwamba adhulumiwa, ada haiwezi kumsemea kwamba ameridhika.

MAJI YA KAJIADO NA ELIMU YA DINI

Imebaki hoja ya tano, nayo ndiyo yenye uzito, na ndiyo yapasa kutazamwa vizuri. Husema: "Haya ni ya nyimbo. Lakini mawaidha, tafsiri na kaswida za kumsifu Mtume ni elimu, na elimu haiuzwi wala haifichwi. Na hadithi yatujulisha kwamba mwenye kuificha elimu atatiwa hatamu ya moto siku ya Kiyama."

Twasema: nyinyi watu wa Kajiado mnajua kuliko wengine khabari ya maji. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mbona basi Kitengela mwanunua maji? Lori la maji lasimama mlangoni mwalipa. Punda aja na mitungi mwalipa. Wala hapana sheikh aliyesema kwamba mwenye punda ala haramu. Sababu yake mafakihi wameieleza. Maji ya mtoni na ya mvua ni ya wote. Mwenye kuchimba kisima katika ardhi yake, yakamzidia, hana ruhusa kuwanyima wanyama wenye kiu maji yaliyozidi. Lakini aliyeyateka, akayatia mtungini mwake, akayachukua begani, yamekuwa ni milki yake, naye aweza kuyauza.

Elimu ni mfano wa maji hayo. Kurani na hadithi ni mto: hapana amilikiye herufi moja. Mwalimu ni kisima: ukimjia na kiu ya jambo lililokuwajibikia, kama namna ya kusali na kufunga, hana ruhusa kukufukuza kwa kuwa huna pesa. Ama kanda, kitabu, au darsa iliyorekodiwa kwa mitambo, ikasafishwa, ikapangwa, hiyo ni mtungi. Aliyeutia maji alilipa. Mitambo ilinunuliwa, umeme ulilipwa, na mtu aliacha chumo lake akaketi kuifanya kazi ile. Na Mtume (S.A.W.) aliwaridhia masahaba waliompoza mtu aliyeumwa na mdudu kwa kumsomea Al-Fatiha wakalipwa kondoo, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Basi kulipwa kwa kazi ya dini si aibu. Aibu ni kumla mwalimu nyama yake kisha tukamwombea dua ya baraka.

Enyi ndugu, hapa pana msiba wetu. Twalalamika kwamba vitabu vya dini kwa Kiswahili ni vichache, na kwamba masomo mazuri ya kurekodiwa ni haba, na kwamba watoto wetu wanasikiliza ya watu wengine kwa sababu yamepambwa kuliko yetu. Lakini kikitoka kitabu kimoja, twanunua nakala moja na kuitoa fotokopi hamsini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka wa 1932, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy tafsiri yake ya Kurani Takatifu ilipochapwa Nairobi mwaka wa 1969, kazi hizo hazikusimama kwa dua peke yake; palikuwa na karatasi, na wino, na mchapaji wa kulipwa. Umma usiolipa wino hauna haki ya kulalamikia giza.

HUKUMU KWA MAFUNGU YAKE

Baada ya maelezo hayo, twazikusanya hukumu ili ziwe nyepesi kuhifadhiwa.

1. Kunakili sauti ya mtu na kuiuza bila ya idhini yake ni haramu, ikiwa ni wimbo, kaswida au mawaidha. Ni katika kula mali za watu kwa batili, jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelikataza katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29. Wala nia njema haiibadili hukumu: chuo kinachouza nakala za dhuluma ili kinunue mikeka, mikeka hiyo ina mashaka.

2. Kurekodi kwa siri arusini au katika hafla na kueneza ni dhuluma mbili. Ya kwanza ni ya haki ya mwimbaji. Ya pili ni kuvunja amana ya baraza, khasa katika mabaraza ya wanawake, ambamo sauti na sura za wake na mabinti za watu hutoka zikaenda mpaka kusikojulikana. Hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, maana pesa hulipika, lakini sitara ikipasuka haishoneki.

3. Kilichotolewa bure na mwenyewe ni halali kukipakua na kukisikiliza. Na akiruhusu kienezwe, kukieneza ni sadaka. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu darsa zao zienezwe na kila mtu. Huyu tumshukuru na tumwombee. Lakini ruhusa ya kusikiliza si ruhusa ya kuuza.

4. Aliyenunua nakala kwa halali, akajitilia katika simu yake ya pili au akaweka akiba isipotee, hana makosa, kwani hayo yafahamika katika ununuzi wenyewe.

5. Mwanafunzi fakiri aliyehitaji somo, naye hana cha kulipia, basi na amwombe mwenyewe idhini. Na leo kumwandikia mtu ni jambo la dakika moja. Asipompata mwenyewe kwa njia yoyote, wako wanavyuoni wa sasa waliomruhusu kunakili kwa manufaa ya nafsi yake tu, bila ya biashara. Sisi hatumkazi mwenye dharura, lakini twasema kuomba ni bora.

6. Haki hii nayo ina mpaka. Haimpi mtu ruhusa ya kuzuilia watu jambo la wajibu, wala ya kupandisha bei mpaka maskini wakose dini yao. Na muda wake ukiisha, kitu huwa ni cha wote.

JAWABU KWA KIJANA WETU

Sasa twamgeukia mwenye swali. Ewe ndugu yetu, kibanda chako ni halali. Meza yako, kompyuta yako na ufundi wa mikono yako ni halali. Kilichoingia ndani yake ndicho kibaya, nacho chaweza kutolewa bila ya kukivunja kibanda. Kutengeneza simu, kuuza chaja na vifuniko, kuwasaidia watu kazi zao za kompyuta, kuwajazia darsa na visomo vilivyoruhusiwa na wenyewe ukachukua ujira wa kazi yako, yote hayo ni chumo jema. Ukitaka kuuza kazi za waimbaji wa kaswida, waendee mupatane, wao wapate fungu lao na wewe upate lako; na sheria ya nchi inayo njia ya leseni kwa atakaye kufanya biashara hii waziwazi.

Ama yaliyopita, jua kwamba haki za Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba, lakini haki ya binadamu haifutiki kwa istighfari peke yake. Mtume (S.A.W.) ametueleza khabari ya muflisi wa siku ya Kiyama: ni yule ajaye na sala na saumu na zaka, kisha mema yake yagawiwe watu aliowadhulumu mpaka yamwishie. Basi kadiria kwa uaminifu ni kiasi gani ulichochuma katika kazi za watu. Uwezaye kumfikia, mlipe au umwombe radhi. Na wengi wao wakiombwa husamehe, kwani hawajapata kuombwa. Usiyeweza kumjua wala kumfikia, toa kiasi hicho kidogo kidogo kwa fakiri au kwa maslaha ya Waislamu kwa niaba ya mwenyewe, bila ya kutumai thawabu ya sadaka, kwani si mali yako. Ama mama yako, yeye alikula asijue. Hana lawama, wala usimtie huzuni kwa jambo ambalo wewe ndiwe wa kulirekebisha.

Twajua kwamba mapato yatapungua, na kibanda cha jirani kitaendelea kupiga muziki na kupata wateja. Hatukudanganyi kwamba ni jambo jepesi. Lakini katika Sura ya At-Talaq Mwenyezi Mungu amemwahidi mwenye kumcha njia ya kutokea na riziki asikotarajia, wala hakusema kwamba itakuja kesho asubuhi.

Na sisi wengine tusimwachie kijana mzigo peke yake. Yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu anayerekodi atangaze mwanzoni mwa darsa yake: hii ni bure, au hii ni ya kuuzwa, ili watu wasibakie katika shaka. Pili, madrasa na vikundi vya kaswida viuze kazi zao kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani ataimudu. Tatu, kila darsa yetu, ya Kitengela na ya Kajiado, iweke mfuko mdogo wa kununulia vitabu na masomo kwa halali, wasikilize wote. Watu ishirini wakichanga shilingi hamsini hamsini, ni shilingi elfu moja. Na kwa hiyo hununuliwa kitu, akalipwa aliyekifanya, na Mola akaridhika.

MASWALI YA KUDURUSI

Twaomba wenye kuongoza darsa wawaulize wanafunzi: Ni kwa nini manufaa yamehesabiwa kuwa ni mali katika madhehebu ya Shafii? Ni ipi tofauti ya wizi na ghasbu? Maji ya mtoni, ya kisimani na ya mtungini, kila moja lina hukumu gani, na lafananaje na elimu? Na kila mmoja amalize kwa kuitazama simu yake, na ajiulize ni kitu gani ndani yake ambacho mwenyewe angeona haya kukutana na mwenyewe wa kitu hicho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake, awalipe kheri walimu wetu, na awatilie baraka vijana wetu katika machumo yao. Wabillahit taufiq, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.